Nyumba ya Vichaa Kando ya Ziwa: Kumbukumbu za Mwandiga na Historia ya Kuwatunza Wagonjwa wa Akili

Mtu atokaye Kigoma mjini, akiisha kuupanda mlima na kwenda mwendo wa kilomita kama 10, hufika Mwandiga. Hapo barabara hugawanyika: moja yaelekea Kasulu, nyingine yapanda Kalinzi na kufika Manyovu mpakani mwa Burundi. Mahali pa njia panda hapakosi soko, na palipo na soko hapakosi habari. Pamoja na mawese, dagaa na mihogo inayoletwa hapo, wazee wa Mwandiga wametunza habari moja ambayo sisi tuliolelewa pande hizo tuliisikia tungali watoto, tena kama kitisho. Mtoto mkaidi aliambiwa, "Ungezaliwa zamani, ungepelekwa nyumba ya vichaa kule ziwani."

Nyumba hiyo, husema wazee, ilikuwako kando ya Ziwa Tanganyika wakati wa Wajerumani. Walioingia humo hawakurudi, au walirudi vipofu. Vita ilipokuja ikafungwa, na miti ikaota juu yake. Kwa miaka mingi hatukuitilia maanani habari hiyo. Lakini wanafunzi wetu watokao Kigoma wameileta tena na tena katika mazoezi yao ya historia ya kanisa, kila mmoja akiisimulia kwa namna yake, nasi tukaona kuwa si haki kuendelea kuipuuza. Maana historia ya hospitali za wagonjwa wa akili katika nchi yetu yajulikana kwa kiasi: Lutindi katika milima ya Usambara, Mirembe huko Dodoma. Hakuna aitajaye hospitali ya namna hiyo Ujiji wala Kigoma zama za Wajerumani. Je, wazee wamebuni? Au wanakumbuka kitu cha kweli kwa jina lisilo lake?

Katika makala haya twakusudia kulijibu swali hilo kwa kadiri tuwezavyo, kisha kuuliza habari hiyo yatuhusu nini sisi tulio watumishi wa Kanisa.

Tuanze na ushuhuda wenyewe. Mzee mmoja, ambaye bibi yake alikuwa msichana wakati huo, alitueleza kuwa palikuwa na vibanda vilivyopangwa kwa safu, na daktari wa Kizungu, na askari. Wagonjwa walichomwa sindano. Tulipomwuliza watu walijuaje nani ni kichaa wa kupelekwa huko, alijibu bila kusita: "Walipapaswa shingo, Mchungaji. Walikuja watu vijijini, wakawapanga wote mstari, wakapapasa shingo." Mama mmoja mwenye umri mkubwa, wa nyumba nyingine kabisa, alisema jambo lile lile la shingo, ila yeye aliongeza kuwa watu waliwaficha ndugu zao migombani wapapasaji walipokaribia. Mwingine, mtu wa Ujiji, alikana yote, akasema vichaa hawakuwa na nyumba ziwani, bali waliwekwa jela wakingojea treni ya Dodoma.

Twakiri kwamba tulipousikia ushuhuda wa shingo mara ya kwanza tulitabasamu. Nani apimaye wazimu kwa kupapasa shingo? Lakini mwanahistoria hufanya vema kukitazama mara mbili kile kinachomchekesha. Shingo ndiyo ufunguo wa habari yote.

Upo ugonjwa mmoja ambao dalili yake ya mapema yaonekana shingoni, yaani kuvimba kwa tezi zilizo nyuma ya shingo. Ugonjwa huo ni malale. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale ilikuwa imeingia katika nchi za maziwa kwa ukali usiosemeka. Uganda peke yake, hasa Busoga na visiwa vya Ziwa Viktoria, zaidi ya watu 200,000 walikufa. Mwaka 1903 David Bruce na wenzake walithibitisha kuwa ugonjwa huu huenezwa na mbung'o. Serikali ya Ujerumani ikamtuma Robert Koch, mganga mashuhuri aliyekuwa amepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1905, naye katika miaka ya 1906 na 1907 alifanya kazi katika visiwa vya Sese akiijaribu dawa iitwayo atoksili, ambayo ndani yake mna zarnikhi, iliyo sumu. Muda mfupi baadaye kazi hiyo ikafikishwa pia katika mwambao wa Ziwa Tanganyika. Kambi zilijengwa. Vichaka vya ufukweni na kando ya mito vikafyekwa ili mbung'o wakose kivuli. Na wasaidizi Waafrika walifundishwa kuzunguka vijijini wakiwapapasa watu shingo, ili wenye tezi zilizovimba wapelekwe kambini kupimwa damu na kuchomwa sindano.

Vibanda vya safu, daktari, sindano, shingo: yote yapo. Hata upofu upo. Koch mwenyewe aliona kuwa kipimo kikubwa cha atoksili huharibu mshipa wa macho, na baadhi ya wagonjwa wake walipofuka wasipone tena. Bibi yule aliyewaona watu wakirudi hawaoni hakuwa akisimulia ngano.

Kwa nini basi Mwandiga waliiita nyumba ya vichaa? Jibu laonekana ukiitazama malale inavyomfanya mtu. Vimelea wakiisha kuingia katika ubongo, mgonjwa hulala mchana akikesha usiku. Hutangatanga. Mpole huwa mkali, msafi huacha kujitazama, mwenye aibu huvua nguo mbele ya watu. Wengine hupiga kelele na kuwashambulia jamaa zao, hata hufungwa kamba. Jamaa hawakuona vimelea. Walimwona ndugu yao akibadilika. Kwa Kiha wakamwita umusazi, kama vile wangemwita mwingine yeyote aliyepotewa na akili. Daktari aliandika katika kitabu chake jina la mdudu, kijiji kikakumbuka tabia. Wote wawili walisema kweli, lakini kumbukumbu ya kijiji ndiyo iliyobaki Mwandiga, kwa sababu kitabu cha daktari kilisafirishwa kwenda Ulaya.

Wabelgiji walipoitwaa Kigoma na Ujiji mwaka 1916, utawala wa Kijerumani ukakoma mwambaoni, na kambi zake nazo zikakoma. Hivyo hata neno la wazee kwamba nyumba ile ilifungwa na vita lakubaliana na tarehe tunazozijua. Tunaelekea kuamini, kwa hiyo, kwamba nyumba ya vichaa ya Mwandiga ni kambi ya malale.

Lakini mtu wa Ujiji aliyekana naye tusimwache, maana alilolitaja ni la kweli pia, na kwa watu wa Kigoma wa siku hizi lina uzito kuliko lile la kwanza.

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwezi wa Februari 1914. Ilijengwa kwa ajili ya askari, mizigo na biashara ya Kongo. Hakuna aliyewaza kwamba ingewachukua vichaa. Hata hivyo, baada ya Waingereza kuitwaa nchi, hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili ya Tanganyika ilifunguliwa Dodoma mwaka 1927, nayo ndiyo hospitali tuijuayo leo kwa jina la Mirembe. (Mwaka huo huo meli ya Wajerumani iliyozamishwa ziwani mwaka 1916, ikaja kuinuliwa, ilianza safari tena kwa jina jipya la Liemba, hivyo watu wa mwambao walipata chombo na hospitali kwa mwaka mmoja.) Kutoka Kigoma hadi Dodoma kwa reli ni karibu kilomita 800. Mtu aliyechanganyikiwa Kalinzi au Mwamgongo, aliyemtisha jirani au kuchoma nyumba, alifikishwa kwa mkubwa wa eneo, kisha bomani. Kutoka bomani aliwekwa mahabusu akisubiri karatasi zake. Karatasi zikiisha kutimia alipandishwa treni pamoja na askari. Jamaa walimsindikiza mpaka stesheni, kama walimsindikiza. Mtu huyo hakuwa ametenda kosa, lakini njia yake yote, toka nyumbani hata kitandani, ilikuwa njia ya mfungwa.

Haikuwa hivyo Tanganyika tu. Hospitali ya Mathari huko Nairobi ilianza mwaka 1910 katika majengo yaliyokuwa ya kuwatenga wagonjwa wa ndui, na huko Uganda waliowekwa mahali pa vichaa huko Hoima walikuwa ndani ya gereza. Wala wataalamu wa wakati huo hawakuwa na mawazo ya juu juu ya wagonjwa wao. Daktari J. C. Carothers, aliyeiongoza Mathari kwa zaidi ya miaka 10, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akidai kwamba Mwafrika mzima afanana na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Tunalitaja jambo hili kwa ufupi, kwa kuwa halistahili zaidi. Lakini msomaji ajue kwamba wengi waliopelekwa katika nyumba hizo walipokelewa na watu waliosoma vitabu vya namna hiyo.

Katika lugha yetu ya kila siku majina ya hospitali hizi yamegeuka kuwa matusi. Mkenya humwambia mwenzake kwamba atampeleka Mathari, Mganda hutaja Butabika, Mzanzibari Kidongo Chekundu, nasi Mirembe. Huko Mwandiga hata jina la hospitali halikuhitajika. Ilitosha kusema, "Amepelekwa Dodoma." Mji mkuu wa nchi ulikuwa, kinywani mwa watu wetu, jina la ugonjwa. Katika Kiswahili lenyewe neno mwendawazimu laonyesha fikira ya kale: wazimu ni wingi wa mzimu, na mwendawazimu ni mtu aliyeshikwa na nguvu zitokazo kwa wafu. Wamishonari waliotafsiri Maandiko hawakuleta fikira hiyo, waliikuta. Ila hatuna hakika kwamba sisi warithi wao tumeitazama vya kutosha.

Sasa tugeukie Usambara, kwa sababu Kanisa letu lina sehemu katika historia hii, na wasomaji wengi wa jarida hili huitaja sehemu hiyo kwa fahari bila kuijua sana.

Mwaka 1896, chama kimoja cha Kiprotestanti cha Ujerumani kilichopinga biashara ya utumwa kilianzisha Lutindi nyumba ya watoto waliookolewa kutoka mikononi mwa wafanya biashara wa watumwa. Msomaji wa Kigoma asidhani kuwa jambo hili ni la mbali. Ujiji, ambako Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, ilikuwa mlango wa njia ndefu iliyotoka Manyema, ikavuka ziwa, ikapita Tabora hadi Bagamoyo. Miembe mikubwa ya Ujiji ni ushuhuda wa njia hiyo, na wenyeji wengi wa mji huo ni uzao wa watu waliofika pale si kwa hiari yao. Wajerumani hawakuupiga utumwa marufuku moja kwa moja. Waliamuru tu kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru, na utumwa wenyewe ulifutwa kisheria na Waingereza mwaka 1922. Nyumba kama Lutindi ilikuwa, basi, mahali pa wachache katika bahari ya wengi.

Kadiri misafara ya watumwa ilivyokoma, ndivyo watoto walivyopungua. Mwaka 1904 nyumba ile ikageuzwa kuwa mahali pa wagonjwa wa akili, nayo huhesabiwa kuwa hospitali ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika Mashariki. Wazo hilo halikutoka hewani. Misheni ya Usambara, iliyoanza Mlalo mwaka 1891, iliongozwa na watu waliofungamana na Betheli karibu na mji wa Bielefeld, mahali palipoanzishwa mwaka 1867 kwa ajili ya wenye kifafa na kuongozwa tangu 1872 na Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh. Mashemasi wa Betheli waliofika Lutindi walileta desturi ya kwao: mgonjwa asikae bure akitazama ukuta, bali apewe kazi, shamba, bustani, ufundi, kwa kadiri ya nguvu zake, na siku yake iwe na ibada, chakula na usingizi kwa saa zake. Leo tungeiita tiba ya kazi. Kabla ya mwaka 1952, dawa ya klopromazini ilipoanza kutumika Ufaransa kwa wagonjwa wa akili, haikuwako dawa iliyotuliza wazimu hasa. Hivyo jembe na ratiba vilikuwa karibu yote ambayo mtu mwema angeweza kutoa. Lutindi ingaliko hadi leo, chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, na wagonjwa wake wangali wakifanya kazi.

Twaweza kuongeza kwamba elimu yetu ya theolojia nayo imetoka katika milima hiyo hiyo. Chuo cha wachungaji kilifunguliwa Lwandai mwaka 1947 kabla ya kuhamia Makumira mwaka 1954. Wanafunzi wa kwanza walisoma mafundisho ya uumbaji na anguko katika milima ile ile yenye nyumba ya wagonjwa wa akili. Lakini tukitazama mitaala yetu ya leo, wazimu hauonekani isipokuwa katika somo la pepo.

Wapo wanaopenda kuitaja Betheli kama ngome iliyosimama isiyo na doa. Historia haituruhusu. Serikali ya Hitler ilipotunga mwaka 1933 sheria ya kuwafunga uzazi watu walioitwa wenye magonjwa ya kurithi, sheria hiyo ilitekelezwa hata Betheli, na si kwa shingo upande tu. Na mwaka 1939 serikali ile ilipoanza kuwaua kwa siri wagonjwa wa akili, mauaji yaliyochukua roho zaidi ya 70,000 kufikia Agosti 1941, Mchungaji Fritz von Bodelschwingh, mwana wa yule wa kwanza, alikataa kujaza karatasi za kuwaorodhesha wagonjwa wake, akazungumza na wakubwa, akavuta muda. Mwenzake Paul Gerhard Braune aliandika waraka wa kupinga mauaji hayo mwaka 1940, akatiwa mbaroni. Wengi wa wagonjwa wa Betheli waliokolewa hivyo. Lakini mnamo Septemba 1940 wagonjwa saba Wayahudi walichukuliwa kutoka Betheli wakauawa. Saba ni wachache kuliko maelfu. Hata hivyo, kila mmoja wao alikuwa ameandikwa katika kitabu cha nyumba iliyobeba jina la mahali pa Mungu.

Twayasema haya si kwa kuwashutumu wazee wetu wa imani, ambao wengi wetu tusingefika walipofika wao. Twayasema kwa sababu mgonjwa wa akili humjaribu mtumishi wa Mungu kwa namna ambayo mgonjwa wa homa hamjaribu. Ni rahisi kumtoa katika orodha.

Sisi wenyewe tulimtoa mtu katika orodha. Tulipokuwa tungali wapya katika utumishi, tukiwa na usharika mdogo katika Mkoa wa Kigoma, alirudi kwa treni mwanamume mmoja aliyekuwa amepelekwa Dodoma miaka 21 nyuma. Baba yake alikwisha kufa, mama yake vilevile. Ndugu zake walikuwa wamekwisha kumfanyia matanga, kwa kuwa barua zilipokuja walikosa nauli ya kumfuata, kisha wakakosa uso wa kuzijibu, na mwishowe ikawa rahisi kusema amekufa. Shamba lake la michikichi lilikuwa limegawanywa. Alipofika alikuwa mtu mtulivu, mwenye dawa zake ndani ya mfuko wa kitambaa, aliyejua kufuma mikeka kuliko wanawake wa kijiji. Jumapili ya kwanza alikuja ibadani, akaketi karibu na dirisha.

Jumapili ya Chakula cha Bwana alitaka kukaribia meza. Wazee wa usharika walitujia ofisini wakasema, "Mchungaji, watu hawatakunywa kikombe baada yake." Tulifanya nini? Twaona haya kuandika. Tulimwambia angoje mpaka tumjue vizuri zaidi. Tukatoa sababu ya mafundisho, kwamba alikuwa amekaa miaka mingi mbali na Kanisa. Akaitikia tu, "Ndiyo, Baba Mchungaji," akarudi dirishani. Akangoja miezi minane. Hakuna mlevi wala mgomvi katika usharika ule tuliyemngojesha hata nusu ya muda huo.

Wakati huo huo tulikuwa tukihubiri, kwa mfululizo wa Jumapili, juu ya sura ya tano ya Injili ya Marko. Mtu yule wa nchi ya Wagerasi aliishi kando ya ziwa, makaburini, akifungwa minyororo na kuikata. Tulizoea kuhubiri juu ya pepo na nguruwe, maana nguruwe hufurahisha wasikilizaji. Tukiisoma tena sasa tunaona mambo tuliyoyapita haraka. Watu wa mji hawakuogopa alipokuwa akipiga kelele. Waliogopa walipomkuta ameketi, amevaa nguo, ana akili zake. Ndipo walipomsihi Yesu aondoke mipakani mwao. Na mtu yule alipoomba kufuatana na Yesu, alikataliwa. Alitumwa nyumbani kwake, kwa watu wa kwao. Kwa muda mrefu tulidhani jambo gumu katika habari ile ni kutolewa kwa pepo. Twaona sasa kwamba jambo gumu lilikuwa safari ile ya kurudi. Nani alimfungulia mlango? Nani alikuwa amekwisha kuligawa shamba lake? Marko asema tu kwamba alikwenda akatangaza katika Dekapoli, na watu wakastaajabu. Hasemi kama walikula naye.

Mambo ya nchi yamebadilika kwa sehemu. Katika miaka ya 1980 Tanzania, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na serikali ya Denmark, ilijaribu mikoani Morogoro na Kilimanjaro kuishusha huduma hii hadi zahanati, ili mgonjwa atibiwe karibu na kwao. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imeifuta ile ya kikoloni. Mgonjwa wa Mwandiga hahitaji tena kukaa mahabusu akingojea treni ili apate kidonge. Hata hivyo jamaa wengi huanza kwa mganga, kisha huenda kwa maombi, na zahanati huja ya mwisho, fedha zikiwa zimekwisha. Tumeona kwa macho yetu, katika mahali pa maombi, kijana aliyefungwa mnyororo mguuni kwenye mchikichi, na wahubiri wakimkemea pepo kwa zamu mchana kutwa. Aliyekuwa akiendesha maombi hayo hakuwa mtu mwovu. Aliamini kwamba anafanya kazi ya Bwana, na hakuna aliyekuwa amemfundisha vingine. Mkoa huu tena umepokea wakimbizi kutoka Burundi tangu 1972, na kwa wingi zaidi mwaka 1993, kisha wa Kongo tangu 1996. Waliyoyaona hayatokani na mizimu wala na mbung'o. Anayewasikiliza usiku ajua kwamba akili ya mtu yaweza kuvunjika kwa kuona tu.

Tulipokuwa tukikusanya habari za makala haya, tulimwomba mzee yule wa kwanza atuonyeshe mahali ilipokuwa nyumba ya vichaa. Tulishuka naye hadi ufukweni, tukatembea asubuhi nzima. Hatukuona msingi wala jiwe. Vibanda vya nyasi haviachi magofu. Palikuwa na mihogo, nyavu zilizoanikwa, na dagaa mchangani. Mzee alisimama kitambo, akaonyesha huku, kisha kule, kisha akacheka kwa kuona kuwa hana hakika. Tulipokuwa tukipanda kurudi, alituuliza kama ni kweli kwamba watu wale hawakuwa vichaa bali walikuwa na ugonjwa wa mdudu. Tukamwambia ndivyo tunavyoamini. Akanyamaza hatua nyingi. Kisha akasema kwamba dada wa bibi yake alikuwa miongoni mwao, na kwamba katika ukoo wao wasichana walikataliwa kuolewa kwa vizazi viwili kwa sababu hiyo.

Na yule mwanamume wa dirishani alikaribia meza ya Bwana mwezi wa tisa. Baadhi walitoka nje; wengi walibaki. Alifariki miaka michache baadaye, tukamzika kwao. Tulipofungua kitabu cha washarika ili kuandika tarehe ya kifo, tulikuta jina lake mara mbili. Mara ya pili ni kwa mwandiko wetu, tulipompokea kana kwamba ni mgeni. Mara ya kwanza ni kwa mwandiko wa mtangulizi wetu, jina limepigwa mstari, na pembeni neno moja: amehama. Tangu hapo, kila tutembeleapo usharika wa zamani, huomba kuonyeshwa vitabu hivyo, nasi tumelikuta neno hilo mahali pengi, karibu na majina ambayo wazee wa usharika, tukiwauliza walihamia wapi, huyajibu kwa sauti ya chini kwamba ni Dodoma.